Mshika Rimoti Asiwe na Boti

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Mikumi alikuwa anatoboa dumu la kunawia mikono. Alichoma msumari kwenye jiko la mkaa mpaka ukawa mwekundu, akaushika kwa koleo, akausokomeza kwenye plastiki. Moshi mwembamba ukafuka, na ile harufu ikaja moja kwa moja mpaka barazani kwangu, nilikokuwa nachambua mchele. Nikaacha kuchambua. Watu wengine wakisikia harufu ya plastiki inayoungua wanafunga madirisha. Mimi nilitabasamu, halafu machozi yakanilengalenga, jirani akauliza kama moshi umeniingia machoni. Nikamwambia ndiyo, umeniingia.

Ile ni harufu ya boti zetu.

Wenzangu mliokulia Kilosa miaka ile mnajua mto wetu ukikasirika unakuwaje, kwa hiyo sitawachosha na habari za mafuriko yenyewe. Sisi tulikuwa ng'ambo, upande wa mashamba. Maji yalikuja alfajiri. Baba alimpandisha mdogo wangu Zaina juu ya paa kwanza, kwa kuwa yeye ndiye alikuwa mdogo, kisha akashuka kutusaidia mimi na mama. Hatukukawia sana, lakini kwa mtoto wa miaka saba aliyekaa peke yake juu ya bati, kukawia ni kukawia. Zaina aliona maji yakichukua kuku, yakachukua kinu, yakachukua mlango wa choo ukaenda unazungukazunguka. Tulipomfikia hakuwa analia. Alisema, "Niliyaambia simameni. Hayakusikia."

Tangu siku hiyo Zaina na maji walikuwa maadui. Tulipewa hema katika uwanja wa shule, upande wa mjini, tukaishi pale na mamia ya wenzetu. Mama alikuwa anamfuta kwa kitambaa kibichi akiwa amelala, maana akiwa macho alipiga kelele mpaka watu wa hema za jirani wakadhani anauawa. Mfereji mdogo wa mvua alikuwa hauruki. Baba alikuwa amesharudi ng'ambo kusimamisha nguzo za nyumba mpya, na daraja la miguu lilikuwa limekwenda na maji, kwa hiyo aliyetaka kufika kule alivuka kwa kushika kamba mahali mto ulipokuwa mpana na kina kidogo. Kijana mmoja jirani alijaribu kumvusha Zaina mabegani. Kabla hawajafika hata robo ya mto akamng'ata sikio, wakayumba wote wawili, watu wakawawahi. Yule kijana alirudi ameshika sikio lake. "Mama Zaina," akasema, "huyu mwanao atamzamisha mtu."

Mama mwenyewe asingeweza kumbeba. Alikuwa na ujauzito mkubwa wa mdogo wetu Rashidi, hata kuinama kuwasha moto ilikuwa kazi. Basi likapitishwa shauri la watu wazima, lile ambalo watoto hulisikia wakijifanya wamelala: kambi ikifungwa, mimi na mama tutavuka kwenda kwa baba, na Zaina atapandishwa basi kwenda Mikumi, akakae kwa shangazi mpaka hapo akili yake itakapotulia. Lini, hakuna aliyesema. Mimi Mikumi nilikuwa naijua kwa hadithi tu. Nilisikia kule tembo na simba wanavuka barabara, nikaelewa kwamba wanavuka kama mbuzi wanavyovuka kwetu, kila saa, mlangoni kwa shangazi. Nilimwona mdogo wangu amesimama kando ya barabara na kifurushi chake, simba wanapita. Leo naishi hapahapa Mikumi, na watoto wangu wakisikia hilo wananicheka. Wakati ule sikuwa na la kucheka.

Ndipo lori la misaada likaleta boti.

Lilileta mablanketi, ndoo na sabuni, na chini kabisa kulikuwa na katoni moja kubwa isiyojulikana ina nini. Aliyeifungua ni Bibi Mwamvita, mgawaji wetu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya shamba. Alichana gundi, akachungulia, akanyamaza, jambo ambalo hatukuwa tumelizoea kwake. Kisha akainua juu kiboti chekundu cha plastiki, na kwa mkono mwingine rimoti yake. Watu wazima walitazamana. Mzee mmoja akasema, "Jamani, hawa wametuhurumia kweli. Maji yakija tena, kila mtu na chombo chake!" Kambi nzima ikaangua kicheko, wengine wakacheka mpaka wakawa wanafuta machozi, na wengine wakafuta machozi muda mrefu kuliko kicheko.

Sisi watoto hatukucheka. Mimi nilishindwa hata kufumba mdomo. Boti zilikuwa nyekundu zote, zina mstari mweupe ubavuni, na ndani ya kila moja kuna dereva mdogo wa plastiki, amevaa miwani myeusi, anatabasamu. Walikuwa wanatabasamu sawasawa. Mimi nilitoka kwenye nyumba ambayo hata vijiko viwili vinavyolingana havikuwamo, na sikuwa nimewahi kuona vitu vingi namna ile ambavyo vyote ni kimoja. Niliamini vimezaliwa. Niliamini kabisa kwamba kuna mama yao mahali, na hawa ni pacha wake.

Bibi Mwamvita aligawa boti moja kwa kila hema. Zaina alipopelekewa ya hema letu, aliweka mikono nyuma na kulia kwa sauti, mbele ya foleni nzima. "Sitaki! Sitaki boti! Ni kitu cha maji!" Nikaichukua mimi.

Nyuma ya uwanja kulikuwa na shimo kubwa walikochimba udongo wa kujengea tuta, na mafuriko yalikuwa yamelijaza maji. Maji yake yalikuwa ya kupita magoti kidogo, yametulia, yana rangi ya chai ya maziwa. Mchana ule ule tulishuka wote na boti zetu, tukazitia majini, kila mtu akabonyeza ya kwake. Zikatokea vurugu ambazo sijaziona tena maishani. Boti zilikwenda mbele, zikakata kona, zikatetemeka mahali pamoja, zikagongana kama zimepagawa. Wenzangu wakaanza kurudi nyuma, mmoja akataja mashetani.

Kibwana, ambaye ndiye alikuwa mkubwa wetu na mwenye kelele kuliko wote, akapiga ukelele: "Oya, achieni! Achieni wote!" Tukaachia. Boti zikatulia. Kibwana akanyoosha rimoti yake peke yake, akasukuma mbele kile kijiti kwa kidole gumba.

Boti zote zikaondoka.

Zote, jamani. Ya kwake na ya kwangu na za hema zote, zikaondoka kwa pamoja, pua zimeinuka, zinachora mistari mirefu juu ya maji. Alipokata kulia, zikakata kulia. Alipoachia, zikasimama. Leo najua sababu: zilitengenezwa kwa mkupuo mmoja, kiwanda kikazitegea mawimbi yale yale ya redio, kwa hiyo kila boti ilikuwa inasikia kila rimoti. Lakini maelezo hayo yalinifikia nikiwa mtu mzima, na nilipoyapata sikuona kama yamepunguza kitu. Wakati ule nilichokiona ni watoto wa mama mmoja wanaitwa, na wote wanaitika.

Nikageuka kumwangalia Zaina. Alikuwa amesimama mbali sana, juu ya lundo la matofali ya nyumba iliyobomoka, viganja vimeziba masikio. Sasa alikuwa ameshusha mikono.

"Dada," aliniita, "zinasikia."

Mashindano yalianza siku hiyo, na ugomvi ukaanza siku hiyo hiyo. Rimoti zikishikwa nyingi, ni vurugu. Ikishikwa moja, ni Kibwana, na ikiwa ni Kibwana, ya kwake inashinda. Mnaweza kuuliza itashindaje ikiwa zote zinatii amri moja. Hamumjui Kibwana. Boti zilikuwa zinapishana kidogo, hii inavutia kushoto, ile imekumbana na jani, na yeye alikuwa anasubiri mpaka pua ya kwake itangulie, ndipo anaachia na kutangaza, "Mwisho hapa!" Mwisho ulikuwa popote alipo yeye. Pia boti zilifanana mno, mtu angeweza kudai ya kwake ndiyo ile iliyotangulia, na wote tulidai hivyo. Tulipigana mieleka, tukararuana mashati ya msaada.

Aliyetuokoa ni Naserian. Yeye alikuwa mtoto wa wafugaji, maboma yao yalisombwa pamoja na nyumba zetu, wakawekwa hema za mwisho karibu na uzio. Wakati ule baba zetu na baba zao walikuwa wanasalimiana kwa shida, maana kabla ya maji ng'ombe walikuwa wameingia kwenye mahindi ya watu, na maneno mabaya yalikuwa yameshasemwa. Naserian alikuwa msichana wa umri wangu, mrefu, haongei mpaka awe na jambo. Siku hiyo aliweka fimbo yake katikati ya waliokuwa wanapigana.

"Nyinyi mnashindana bila sheria," akasema. "Hata ng'ombe kwenye maji wana sheria."

"Sheria gani?" Kibwana akauliza, pua inamtoka damu.

Hapo tukakwama, kwa kuwa hatukujua sheria zozote za boti. Tulikuwa tunajua sheria za aina moja tu, zile tulizoishi nazo kila siku asubuhi: sheria za foleni ya unga za Bibi Mwamvita. Basi tukazichukua kama zilivyo. Tuliketi kando ya shimo, tukazitaja moja baada ya nyingine, na kila moja ilipokelewa kwa heshima kubwa. Foleni kwanza, hakuna kusukumana. Kopo la unga husawazishwa juu kwa kijiti, lisizidi wala lisipungue, maana yake pua za boti zote zikae kwenye kamba moja kabla ya kuondoka. Chakula hakiguswi mpaka wote wapate, maana yake boti haiguswi na mtu mpaka zote zifike. Wajawazito na wazee hutangulia. Mwenye mtoto mgongoni apewe nafasi ya mbele. Hatukuona ajabu yoyote katika hizo mbili za mwisho. Sheria ilikuwa sheria.

Kesho yake nusu ya wasichana walikuja na watoto mgongoni, watoto wa kuazima, wengine wanalia wanataka mama zao. Kibwana naye alikuja amefunga khanga, ndani yake kuna mtoto wa dada yake aliyelala fofofo. Na mchana huo, mama yangu mzazi alishuka shimoni, mkono mmoja kiunoni, tumbo limetangulia.

"Nimesikia hapa mjamzito hutangulia," akasema.

"Shikamoo mama," tukaitika wote.

"Marahaba. Boti yangu iko wapi?"

Tukampisha. Boti ya hema letu iliwekwa mbele ya kamba kwa urefu wa fimbo, kwa ajili ya mama, na ikawa ya mwisho kufika. Mama alicheka akashika tumbo. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu maji yaje.

Suala la kufanana, Naserian alilimaliza mwenyewe. Kwao ng'ombe anajulikana kwa alama, kwa hiyo aliwasha moto wa mavi makavu ya ng'ombe, akachoma msumari, akatia kila boti alama yake ubavuni: mikwaju miwili, duara, nusu mwezi, msalaba. Alifanya kwa umakini, ulimi nje kidogo, akivuta kila boti karibu kama ndama. Ndiyo ile harufu. Alipomaliza alizijua zote, na hata zikiwa mbali upande wa pili wa shimo angekwambia, "Ile ya nusu mwezi inachechemea, iangalie." Sisi wengine tulikuwa tunaona wekundu tu.

Betri nazo zilileta yake. Zile zilizokuja na boti zilianza kuchoka, tukawa tunazianika juu ya kipande cha bati, tunazing'ata kidogo, zinapata uhai wa dakika chache. Kibwana alikuwa na mjomba mwenye duka Kimamba, akaletewa mpya zinazong'aa. Ikabidi itungwe sheria: betri zote, mpya na kuukuu, ziingie kwenye beseni moja, na kila mtu achukue za kwake akiwa amefumba macho. Kibwana alisema huo ni wizi. Bibi Mwamvita aliyekuwa anapita na beseni lake la unga akamwuliza, "Na unga wa kwako, mwanangu, nikuchagulie mweupe?" Ikapita.

Ikabaki rimoti.

"Bibi anapogawa unga," Naserian alisema, "wa kwake anapimiwa na mtu mwingine. Yeye kopo lake haligusi. Mmeona?"

Tulikuwa tumeona kila asubuhi, na hakuna aliyewahi kufikiria.

"Basi mshika rimoti asiwe na boti."

Tukatazamana. Kila hema lilikuwa na boti. Kila mtoto alikuwa na boti, au ya kaka yake, au ya dada yake. Kisha kichwa kimoja kikageuka kuelekea kwenye matofali, na vingine vikafuata. Zaina alikuwa amekaa kule juu, amekumbatia magoti.

"Huyo si mdogo wake?" Kibwana akaninyooshea kidole. "Atampendelea."

"Alikataa boti mbele ya watu wote," Naserian akasema. "Hata ya dada yake hajaigusa. Anazichukia zote sawasawa."

Sidhani kama kuna mwamuzi aliyewahi kuteuliwa kwa sifa safi kuliko hiyo. Nilimpelekea rimoti kule kule kwenye matofali. Niliogopa ataitupa. Aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza, akafungua kifuniko cha nyuma akaona betri zimo, akakifunga mpaka kikalia. Alifanya hivyo kila siku baadaye, kabla ya kuanza. Kisha akanyoosha mkono na kusukuma kijiti, na kule chini majini boti zote zikamsikia.

Ningependa mngeuona uso wake. Mtoto aliyeyaambia maji yasimame yakamkatalia, sasa anasema nenda, na vitu vinakwenda juu ya maji hayo hayo. Mimi niliposimama pale shimoni sikuona plastiki wala betri. Niliona mdogo wangu anaamuru maji. Nilimwogopa kidogo, nasema kweli.

Tatizo la rimoti zile ni kwamba sauti yake haikufika mbali. Betri zilivyochoka, ndivyo boti zilivyozidi kuwa viziwi. Kutoka kwenye matofali zikawa hazisikii kona ya mbali. Zaina akashuka, akakaa kwenye gogo. Siku nyingine gogo likawa mbali, akasimama kwenye majani makavu. Hakuna aliyemwambia sogea. Ila sote tulikuwa tunapima kwa macho, na mama, nilikuja kugundua, alikuwa anapima kutoka mlangoni mwa hema, mkono juu ya macho kukinga jua.

Ikafika siku ambayo boti zote zilikwama kwenye magugu ya katikati. Zaina alikuwa amesimama mwanzo wa tope. Alisukuma, hazikusikia. Alisukuma tena. Boti haiguswi mpaka zote zifike, sheria ndiyo hiyo, kwa hiyo hatukuwa na la kufanya zaidi ya kusimama na kumwangalia.

"Hazisikii," akasema, na sauti yake ilikuwa ile ile ya juu ya paa.

Kibwana akafungua mdomo. Naserian akamwekea fimbo kifuani, naye akaufunga.

Zaina alitazama vidole vyake vya miguu. Kisha akaviweka kwenye tope. Akaenda hatua moja, maji yakamfunika vifundo. Akaenda nyingine, na nyingine. Gauni lake likaanza kuelea kiunoni. Mkono wake ulikuwa umenyooka mbele, kidole gumba kimebonyeza mpaka kimekuwa cheupe, na macho yake hayakuondoka kwenye boti hata mara moja. Ghafla moja ikatetemeka, ikafuata nyingine, kisha zikatoka kwenye magugu zote kwa pamoja, na wale madereva wadogo wakawa wanamjia wanatabasamu. Nani alishinda siku hiyo sikumbuki, na kwa mtu aliyekuwa anapenda kushinda kama mimi, hilo ni jambo kubwa. Mama alikuwa anatoka bombani na ndoo. Aliitua, akakaa chini papo hapo kwenye vumbi, ujauzito wake na yote.

Kuanzia hapo Zaina alikubali kuogeshwa, mradi rimoti iwe mkononi. Alikaa kwenye karai ameinyoosha mbele kama askari wa zamu, mimi namwagia. Matokeo yake mnayajua. Betri zikaingiwa na maji, zikavuja uchafu wa kijani, na siku ya kufunga kambi mama alizitoa akazitupa chooni akihofia sumu. Zaina alikuwa amekwenda kumuaga Bibi Mwamvita. Mama aliniwekea kidole mdomoni, akairudisha rimoti kwenye kifurushi. Vifurushi asubuhi hiyo vilikuwa viwili. Kimoja chetu. Cha pili kilikuwa khanga ya bluu yenye nguo za Zaina peke yake, imefungwa tayari kwa basi la Mikumi, endapo mto ungemshinda. Shimo la udongo si mto, alisema mama, na alisema kweli.

Mto ulikuwa umepungua, lakini ulikuwa na sauti. Watu walikuwa kwenye foleni kushika kamba, vijana wamesimama majini kusaidia, na ng'ambo nilimwona baba, mdogo kama kidole, anapunga kofia. Naserian alikuja kutuaga. Wao wangehamia upande wa Kimamba na ng'ombe waliobaki, hawangevuka. Alisimama kando yetu na fimbo yake.

Zaina alitoa rimoti. "Mjamzito hutangulia," akawaambia watu wa mbele, na wale waliotoka kambini wakacheka wakampisha mama. Mama akaingia. Zaina, kwa haraka na bila kufungua kifuniko, akanyoosha mkono, akabonyeza, na akambonyezea mama yake njia nzima, polepole, mpaka baba alipoingia majini kumpokea.

Ikawa zamu yetu. Zaina akaigeuza rimoti, kama kawaida yake, akafungua kifuniko.

Zilikuwemo springi mbili zenye kutu, basi. Aliangalia pale ndani kwa muda. Nilikuwa na khanga ya bluu begani, nikahisi uzito wake wote, nikaona barabara, nikaona simba. Zaina akakifunga kifuniko, akakibana kwa kidole mpaka kikalia. Hakunitazama mimi. Alimgeukia Naserian.

"Leo mimi ndiye boti," akasema. "Mshika rimoti asiwe na boti. Shika wewe."

Naserian aliipokea. Aliyekuwa anajua boti inayochechemea kutoka upande wa pili wa shimo, asingeshindwa kujua rimoti nyepesi kiganjani. Alinitazama juu ya kichwa cha Zaina, mara moja tu.

"Nikuachie wapi?" akauliza.

"Usiachie mpaka nifike."

"Siachii."

Tukaingia. Nilimshika Zaina mkono, mkono mwingine kamba, kijana mmoja nyuma yetu. Maji yalimfika kifuani. Alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana, na hakumng'ata mtu. "Ameachia?" akaniuliza. Nikageuka. "Hajaachia." Tukaenda kidogo. "Ameachia?" "Hajaachia." Njia nzima ilikuwa hiyo, na kila mara niligeuka kweli, sikumdanganya hata mara moja, na kila mara nilimkuta Naserian amesimama pale pale ukingoni, mkono umenyooka, anazidi kuwa mdogo. Niliamini kwamba ni yeye aliyeushika mto. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kujua rimoti haina betri, na niliamini hivyo hivyo.

Juzi, baada ya ile harufu, nilimpigia Zaina simu. Anaishi Kilosa, ana watoto wake, na analalamika kwamba hawatoki mtoni. Nilimwuliza swali ambalo sikuwahi kumwuliza: kama alikuwa ameona hamna betri, kwa nini alimpa Naserian ashike? Alicheka kidogo.

"Dada, sheria si ilikuwa sheria?" akasema. Halafu akauliza, "Hivi Naserian yuko wapi siku hizi?"

Sijui. Wala yeye hajui. Mara ya mwisho kumwona ilikuwa siku hiyo. Baba alikuwa amemnyanyua Zaina juu akimzungusha, mama anafungua ile khanga ya bluu na kuchanganya nguo zake na zetu, kila mtu anaongea kwa wakati mmoja, na tayari tulikuwa tumeanza kupanda kuelekea mashambani. Mimi niligeuka kumpungia, nimwambie basi, tumefika. Alikuwa mbali sana asingesikia. Hakupunga. Mkono wake bado ulikuwa umenyooka, kidole gumba kimebonyeza, na mpaka tunaingia kwenye matete ya upande wa pili, alikuwa hajaachia.